Umemshonea mtu blanketi? Weka lebo ambayo hata 2060 mtu ataelewa

Kama ulisoma bodi, unajua mambo ya lebo za blanketi kuliko unavyodhani. Fom wani, siku ya kwanza: jina, namba ya admisheni, maka pen nyeusi, herufi kubwa za kutisha wezi. Blanketi ikipotea Ijumaa na ipatikane Jumapili kwa kitanda cha msee wa fom tu, hakukuwa na stori mingi. Unageuza kona, unasoma namba, kesi imeisha.

Hiyo ndiyo kazi ya lebo. Inaongea wakati wewe hauko, na inaongea na mtu ambaye hakujui.

Sasa chukua blanketi ingine. Hii haikununuliwa supamaketi. Umekaa miezi mitatu ukiunganisha vipande vya kitenge, leso na mashati ya zamani, ukaweka tabaka la joto katikati, ukaweka kitambaa kizima nyuma, ukashona zote tatu pamoja. Wanaoijua wanaiita kwilti, lakini fundi yeyote wa sokoni atakuelewa haraka ukisema blanketi ya vipande. Ama pengine wewe ni wa krosheti, umefuma mraba mmoja mmoja ukiwa kwa mat kutoka Embu hadi Nairobi, konda anakuangalia tu.

Na ni ya kupeana. Huku kwetu blanketi si zawadi ya kubeba kimchezo. Ukifika Timau Julai ndio utaelewa. Mtoi akizaliwa, watu huleta blanketi. Mkienda ruracio, msururu wa vitu vya wamama ukikosa blanketi na leso mtaulizwa kama mlipotea njia. Shosh akifikisha themanini, ni blanketi. Beshte akipata chuo ng'ambo, mathe anapaki blanketi hata kama huko kuna hita kwa kila chumba.

Sasa umemaliza kushona na unataka kuweka kakitambaa kadogo nyuma, kwa kona, kenye maneno. Nafasi iliyoko ni ya maneno kama ishirini hivi. Unaandika nini?

Wengi huandika "Kwa mapenzi tele" na kuchora moyo. Tuambiane ukweli: hiyo lebo haijasema kitu. Mapenzi tele kutoka kwa nani? Kwa nani? Lini? Aliyepewa anajua leo. Mtoto wake hatajua.

Blanketi ya dola tano

Kuna mama mmoja wa Marekani ambaye stori yake inaeleza hii maneno poa kuliko mtu yeyote. Anaitwa Harriet Powers. Alizaliwa mtumwa huko Georgia mwaka wa 1837, akapata uhuru baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Alikuwa anashona blanketi za vipande zenye picha: Adamu na Hawa, Yona, Karamu ya Mwisho, na kwa ingine akaweka hata usiku ambao nyota zilianguka kama mvua. Zimebaki mbili tu zinazojulikana.

Ya kwanza aliionyesha kwa maonyesho ya pamba mjini Athens, Georgia, mwaka wa 1886. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, aliiona akaitaka sana. Powers akakataa kuuza. Miaka michache baadaye maisha yakabana. Aliomba dola kumi, akapewa tano, akaachilia. Lakini kabla ya kuiacha alieleza kila picha ina maana gani, na Smith akaandika. Baadaye Powers alikuwa anarudi kuitembelea blanketi yake, kama mtu anayeenda kuona mtoto.

Leo iko kwa jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington. Ya pili iko Boston. Na kitu inafanya watu wajue zile picha ni nini ni kwamba mtu alichukua kalamu wakati aliyeshona bado alikuwa pale akiongea. Bila hiyo, zingekuwa vitambaa vizee vyenye picha za watu wanaorusha mikono.

Ukitembea makumbusho yoyote, angalia kadi za vikapu, vitambaa na shanga za akina mama. Utapata kabila, utapata mahali, utapata hata jina la aliyenunua. Jina la aliyetengeneza, mara nyingi hakuna. Mikono ilifanya kazi, jina likapotea.

Hata nyumbani iko hivyo. Kwa boma ya shosh yangu upande wa Runyenjes kuna kitambaa cha kiti cha krosheti, kilikuwa cheupe, sasa ni rangi ya chai. Tanti mmoja anasema ilifumwa na mama yake shosh. Mwingine anasema ni zawadi ya wamama wa kanisa siku ya harusi. Wa tatu anaapa ilinunuliwa Gakoromone, kule Meru. Aliyejua ni shosh, na shosh alitutoka. Hiyo kesi haitawahi kuisha, na kila Krismasi inafunguliwa upya.

Vitu tano, hata kama maneno ni machache

Kabla ya kuanza mashairi, hakikisha hizi zimeingia:

1. Nani ameshona. Jina kamili, jinsi watu wanalijua kijijini. "Mama" pekee haitoshi, kila mtu ana mama.

2. Ni ya nani. Hapa Embu na Meru tuko na shida ya kipekee. Watoto huitwa majina ya kina guka na shosh na matanti, kwa hivyo jina moja linarudi kila baada ya kizazi. Uko na Mukami shosh, Mukami tanti, na Mukami wa PP1. Lebo ikisema "Kwa Mukami" na basi, miaka thelathini mbele kutakuwa na Mukami watatu na blanketi moja. Ongeza kitu: "Mukami wa Njeru", "Mukami, mtoto wa pili".

3. Lini. Mwaka wote, tarakimu nne. Ukiandika '25, siku moja mtu atauliza ni 1925 ama 2025. Unacheka, lakini blanketi ya pamba ikitunzwa inaishi kuliko mwenye kuishona.

4. Wapi. Andika mji ama kijiji, siyo "nyumbani". Nkubu, Maua, Siakago, Kiritiri. Familia huhama. Mtoto anaweza kulelewa Rongai na asijue kuna siku ilifumwa blanketi yake chini ya mwembe huko Mbeere.

5. Kwa nini. Harusi, kuzaliwa, kustaafu, kupona, msiba. Neno moja ama mawili yanatosha.

Hizi tano zikiingia, nafasi inayobaki ni ya roho yako. Sentensi moja. Ukizidisha, unaandika insha.

Lugha gani sasa?

Hapa ndio watu hukwama. Kizungu, Kiswahili, Sheng, Kimeru, Kiembu?

Tuanze na walimu wa hii kazi, watu wa Pwani. Leso iko na pindo, iko na mji, na iko na jina, yaani yale maneno yaliyochapwa chini. Nenda Biashara Street, Mombasa, uone wamama wakichagua. Rangi inaangaliwa, lakini jina linasomwa kwanza. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, ile ya "Mali ya Abdulla", imejengwa juu ya hayo maneno kwa miaka zaidi ya mia. Ukimpa mtu leso yenye jina mbaya, umemtusi na pesa yako mwenyewe. Ukimpa yenye jina tamu, hauhitaji kuongeza kitu.

Funzo la leso ni mbili. Kwanza, ujumbe ni mfupi, unasomeka ukisimama. Pili, chagua maneno ukifikiria anayepokea. Wewe unayepeana utaisoma mara moja. Yeye atalala nayo.

Sheng je? Mimi naandika Sheng kila siku na inanilipia keja, kwa hivyo sikatai. Lakini Sheng huchacha haraka. Maneno yaliyokuwa moto wakati Kalamashaka wanachana kutoka Dandora, mtoi wa Gengetone anayasikia kama ya guka. Kama wewe na beshte yako mnaitana jina fulani la mtaa, liweke, ni lenu. Ile sehemu ya vitu tano iandike kwa lugha ambayo itaeleweka.

Lugha ya mama ndio tamu zaidi, hasa kwa shosh. Ukiwa Meru unasema "ibwega", ukiwa Embu ni "nĩ wega", na hapo umeongea na moyo wake moja kwa moja. Lakini kuwa makini na vitu viwili. Cha kwanza, Kiembu, Kimbeere, Kichuka, Kitharaka na Kimeru ni ndugu, siyo mapacha. Ukiandikia mama wa Igembe maneno ya Embu atakuelewa, halafu ataambia majirani. Cha pili ni zile herufi zenye kofia, ĩ na ũ. Ukizisahau neno linaweza kubadilika. Usiulize simu. Uliza mtu mzima anayeongea hiyo lugha kila siku, aandike kwa karatasi, wewe unakili.

Na kama familia mbili hazishiriki lugha, tuseme nyinyi ni wa Embu na mnapeleka ruracio Maua, Kiswahili ndicho uwanja wa katikati. Hakuna atakayeachwa nje.

Usisahau pia kwamba majina yetu tayari yanaongea. Makena ni mwenye furaha. Kendi ni mpendwa. Karimi ni mchapakazi wa shamba. Ukishona jina la mtoto kwa herufi nzuri, umeshaandika nusu ya baraka.

Chukua hizi, ubadilishe majina

Ya mtoi aliyezaliwa. Muongeleshe yeye, juu atasoma akishakua:

"Makena, ulizaliwa Juni 2025, wakati wa baridi. Shosh wako wa Nkubu alikufumia hii usiku."

Ya harusi. Hapa watu hupenda kuandika "milele daima". Polepole. Blanketi haiwezi kutoa ahadi kwa niaba ya watu wawili, na hata mambo yakiharibika, bado itabaki ni kazi ya mikono ya mtu. Andika kilichotokea:

"Kwa Mukami na Njeru, siku ya harusi yao. Embu, 13 Desemba 2025. Tulishona tukiwafikiria."

Ya ruracio. Heshima kwanza, jokes baadaye:

"Kwa mama wa Maua, siku tulipobisha mlango wenu mkatufungulia. Familia ya Embu, 2026."

Ya shosh:

"Cucu, miaka 80. Kila mjukuu alileta kipande kimoja. Runyenjes, 2025."

Ona hiyo ya shosh. Haijasema "tunakupenda" mahali popote, lakini soma tena ile sentensi ya katikati. Hapo ndio mapenzi yako. Ukieleza blanketi ilitengenezwa aje, moyo unajionyesha wenyewe.

Ya mtu anayeenda mbali:

"Huko kukiwa baridi, hii ni joto ya nyumbani. Mamako, Siakago, 2026."

Ya mtu mgonjwa. Usiandike ugonjwa. Hiyo ni siri yake, na lebo inaonwa na kila nesi na kila mgeni. Pia "pona haraka" inaisha nguvu asipopona haraka. Hii inakaa:

"Ya kukaa nayo karibu. Kutoka kwetu sote wa ploti, 2025."

Na ile ngumu: ya mtu ameenda

Siku hizi kuna watu wanachukua mashati ya buda aliyefariki na kuyageuza blanketi ya mathe. Ni kazi nzito. Fundi anaweza kushona, lakini maneno ni yenu.

Msifanye iwe tangazo la redio lenye majina ya wajukuu wote na binamu wa Kanada. Hiyo ina mahali pake kwa gazeti na kwa misa. Lebo inataka jina lake, miaka yake, kitu kimoja cha kweli kumhusu, na nani alishona kwa ajili ya nani:

"Mashati ya Mwalimu Mutwiri, 1956–2023. Watoto wake walimshonea mama yao. Nkubu, 2024."

Neno "mwalimu" hapo linabeba eulogi nzima.

Jina pekee lina nguvu ambayo watu hupuuza. Mwaka wa 1987 mwanaharakati anaitwa Cleve Jones alianzisha San Francisco blanketi ya kukumbuka watu waliokufa na UKIMWI. Kila kipande kilikuwa futi tatu kwa sita, karibu saizi ya kaburi, na kila kimoja kilishonwa na marafiki ama familia. Oktoba 11 mwaka huo walitandika vipande 1,920 pale uwanja mkubwa wa Washington, na majina yakasomwa kwa sauti. Wakati huo familia zingine zilikuwa zinaficha kilichoua watoto wao. Kazi kubwa ya ile blanketi ilikuwa kutaja jina wazi.

Kwa hivyo kama mmeshindwa kukubaliana maneno na kila mtu analia, acheni. Shoneni jina na miaka. Inatosha.

Usimuibie fundi

Hii sehemu watu hawapendi lakini lazima isemwe. Kuna zawadi za "nimetengeneza mwenyewe" ambazo zimetengenezwa na mama fulani mwenye cherehani pale soko. Hakuna ubaya kulipa fundi. Ubaya ni lebo kudanganya. Ukilipa, unapata blanketi. Haujanunua kusema mikono yake ni yako.

Andika hivi na hautapungukiwa na kitu:

"Vitambaa vilichaguliwa na Kendi. Mshono ni wa fundi wake wa Embu, Mama Njeru. 2025."

Muulize fundi kwanza anataka aandikwe jina gani. Wengine watataka jina la biashara, wengine la ubatizo, wengine watacheka wakuambie hawajawahi kuulizwa. Hapo ndio utajua kwa nini ilikuwa muhimu.

Kikundi nacho kiandikwe. Kama wamama kumi na wawili wa chama walishona, na jina la chama pekee ndilo liko pale, chama kikivunjika wote kumi na wawili wanapotea pamoja. Kama nafasi ni ndogo, kila mmoja ashone herufi zake za kwanza pembeni ya lebo. Inakaa kama pambo na bado ni rekodi.

Vitu vya kuacha nje

Bei. Hata kama uzi ulikugharimu damu.

Namba ya simu na namba ya kitambulisho. Hii si mzigo wa kutumwa na shato.

Jina lako la mitandaoni. Ungeweka jina lako la 2go mwaka wa 2012, nani angekupata leo? Zile kodi za mraba za kuskani pia ziko hivyo: tovuti ikifa, umebaki na mchoro.

Umri na kilo za mtu mzima, isipokuwa ameomba.

Vijembe. Leso huruhusu vijembe kwa sababu leso inavaliwa nje. Blanketi inalaliwa. Hakuna mtu anataka kulala na tusi.

Andiko refu la Biblia ama Kurani. Kama mnashiriki imani na anayepokea, weka kitabu, sura na aya. Atafungua mwenyewe, na akifungua itakuwa kama barua ya pili.

Sasa ufundi, ili isifutike

Maneno matamu yakifutika kwa dobi ya tatu umechapa kazi bure.

Kitambaa: tafuta pamba nyeupe tupu, ile wazee wanaita amerikani. Ilipata hilo jina karne ya 19, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walipoileta Zanzibar ikaenea hadi bara. Shuka ya mitumba ya pamba pia ni sawa. Ioshe kwanza ili irudi nyuma mapema. Kata saizi kama ya simu mbili zikiwa kando kando.

Wino: biro inasambaa. Maka pen ya bodi inageuka kahawia na kufifia. Tafuta kalamu ya kuandikia nguo, na kabla ya kuandika lebo yenyewe, jaribu kwa kipande: andika, acha ikauke siku nzima, piga pasi kavu bila maji, halafu ifue na sabuni ya unga na uanike juani mara tatu. Ikibaki, endelea.

Mkono ukitetemeka: weka karatasi ya msasa chini ya kitambaa, upande mkwaruzo ukiangalia juu. Kitambaa hakitateleza. Andika na penseli kwanza, herufi zisiwe chini ya nusu sentimita. Fikiria macho ya shosh.

Uzi ni bora kuliko wino. Kama una subira, fuata penseli na sindano, mshono wa kurudi nyuma, uzi wa rangi nzito. Kama hauna, pale mjini Embu ama Meru kuna mafundi wa mashine ya kudarizi, wale huweka beji za shule kwa sweta. Mpelekee maneno yakiwa yameandikwa kwa karatasi, usimtajie kwa mdomo. Akimaliza, soma herufi moja moja kabla ya kulipa. "Mutwiri" ikigeuka "Mutwiti", utaishi nayo.

Mahali: nyuma, kona ya chini. Ukiweza, iweke kabla ya kushona pindo la mwisho, ndio pindo lishike pande mbili za lebo. Pande mbili zilizobaki zikunje ndani sentimita moja, ushone kwa mkono, sindano ishike tabaka la nyuma pekee ili isitokee mbele. Kwa krosheti, shona kwenye ukingo uliokazwa, siyo katikati yenye matundu, juu krosheti inavutika na lebo haivutiki.

Na kama unaogopa kuna mtu atang'oa lebo aseme ni yake, andika jina na mwaka moja kwa moja kwa kitambaa cha nyuma, kabla ya kufunika na lebo. Akili ya fom wani, lakini iko na kazi.

Mwisho, ongeza mstari mmoja mdogo wa kumsaidia: "Maji baridi, hapana Jiki, anika kivulini." Hakuna romantiki hapo, lakini ndio mstari utafanya ile mingine yote iishi.

Lebo inaweza kuchelewa, isikose

Labda ulishapeana blanketi bila lebo. Si mwisho wa dunia. Lebo inaweza kushonwa hata miaka kumi baadaye. Andika tu ukweli wote wawili: "Ilishonwa 2016. Lebo iliwekwa 2026."

Na hii ndio kazi ya wikendi yako, kama bado uko na shosh. Ukienda ushago, usikae kwa simu siku nzima. Toa vitambaa vya viti, toa ile blanketi iko chini ya sanduku, toa kiondo kilichotundikwa nyuma ya mlango. Uliza kimoja kimoja: nani alitengeneza, mwaka gani, kwa nini. Andika vile anasema, na maneno yake, hata kama mwaka anaukumbuka kwa njaa fulani ama kwa mtoto aliyekuwa mgongoni. Halafu kata amerikani, chukua sindano, ushone akiwa bado yuko hapo akuambie umekosea jina.